Madirisha ya Uani

Zamani, kabla maduka yetu hayajajaa, mtu wa mji wetu wa Lubowa aliyetaka kununua meza au mashine ya kufulia alipaswa kwanza kuwa na jina kwenye daftari la Bi Leokadia Kosmala. Daftari lenyewe halikuwa la serikali. Lilikuwa la shule, la mistari, alilonunua kwa fedha yake, na nguvu yake yote ilitokana na sisi wenyewe kukubali kwamba lina nguvu. Lori la fanicha lilikuja siku lilipojisikia kuja. Kwa hiyo watu walijiandikisha, wakapewa namba, na kila asubuhi na kila jioni walikusanyika mbele ya duka kuitwa majina. Asiyeitika alifutwa. Hilo lingeweza kuendelea wiki tatu. Siku lori lilipofika, mwenye duka alifungua mlango na watu wakaingia kwa namba zao, kimya, kama waendao kupokea komunyo.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na nyusi zilizoungua kwa joto la tanuri zikaota upya mara nyingi, kila mara nyembamba zaidi. Alifanya kazi Kiwanda cha Enameli pamoja na mama yangu, Apolonia. Mama alichovya masufuria kwenye rangi, Bi Leokadia aliyaingiza motoni. Kwa miaka ishirini na miwili kila sufuria lililotoka mikononi mwa mmoja liliingia mikononi mwa mwenzake. Mimi nilimwita shangazi, ingawa hatukuwa na undugu wa damu.

Nilikuwa na miaka tisa siku alipomfuta dada yake. Ilikuwa foleni ya mashine za kufulia, theluji imefika magotini, na Bronka alikuja mbio huku kitambaa cha kichwa kimemdondokea mabegani.

"Leokadia! Mimi hapa! Nimefika!"

"Umefika namba yako imeshapita."

"Nilimpeleka mtoto kwa daktari, jamani. Dakika nne tu!"

"Dakika nne hizo si zangu, Bronka. Ni za hawa wote. Nikupe nini?"

"We mwanamke, tumenyonya titi moja!"

"Ndiyo maana siwezi."

Akapiga mistari miwili juu ya jina. Bronka alifua kwa mikono miaka mingine mitano. Nakumbuka mama alinibana mkono ndani ya glavu, kwa furaha, kama mtu aliyeona kitu kizuri kanisani. Katika nchi ambayo kila ofisi ilidanganya, kuanzia gazeti hadi mizani ya mwuza nyama, sisi tulikuwa na daftari moja ambalo halikudanganya.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza wa mwaka tisini. Bei ziliachiwa zipande zitakavyo, na foleni zikafa ndani ya wiki mbili. Soseji zilining'inia dukani tangu asubuhi hadi kufunga, na watu walisimama nje ya kioo kuziangalia tu. Mama anasema wakati huo alimkuta Bi Leokadia amesimama mbele ya duka la fanicha, peke yake, saa ileile ya kuita majina. Dirishani kulikuwa na meza tatu zenye bei.

"Unamngoja nani, shoga?"

"Simngoji mtu. Napunga hewa."

Mwaka uliofuata matanuri mawili kati ya matatu yalizimwa na wao wawili wakaachishwa kazi pamoja na watu mia mbili wengine. Walifanya kama nusu ya nchi ilivyofanya: walitoa kitanda cha kukunja, cha kambini, wakakitandika kwenye njia ya miguu karibu na kituo cha treni, na juu yake wakapanga soksi, betri na sabuni. Mama aliizoea biashara. Alijua kucheka na mteja, kumtania kuhusu tumbo lake, kumshushia bei kidogo kisha kumwuzia na pea ya pili. Bi Leokadia hakuweza. Watu wakikaribia kitanda aliwaambia wapange mstari.

"Mstari gani, mama? Tuko wawili!"

"Basi mmoja asimame nyuma ya mwenzake."

Tulicheka sana habari hiyo nyumbani. Sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa namcheka mtu aliyekuwa na kazi moja tu aliyoijua vizuri duniani, na kazi hiyo imefutwa.

Ndipo mwaka tisini na saba ikasikika kwamba kiwanda kinafanywa kampuni, kitauzwa kwa watu wa nje, na sehemu ya hisa itagawiwa bure kwa wafanyakazi, hata wale wa zamani waliotumikia miaka kumi na zaidi. Habari ilikuja kama zinavyokuja habari zote kwetu, nusu gazetini na nusu kwenye ngazi za majengo. Asubuhi moja ya Oktoba watu wapatao arobaini walijikuta wamesimama mbele ya lango, bila kuitwa na mtu. Wengi walikuwa wazee wa matanuri, watu wa vikohozi vya kifua na vidole vilivyopinda. Hakuna aliyejua cha kufanya. Na kwa kuwa hawakujua, walifanya walichojua.

"Leokadia yuko wapi?" mmoja akauliza. "Leokadia aandike orodha!"

Walimfuata kituoni. Mama alibaki na soksi. Anasema Bi Leokadia aliondoka pale kitandani bila hata kuvaa koti vizuri, akapita kwenye kibanda cha magazeti, akanunua daftari.

Majina arobaini na sita. Mama alikuwa namba ya tatu, na baba, aliyewahi kufanya kazi matanurini, namba ya nne. Wakakubaliana kuitana majina langoni kila Jumanne na kila Ijumaa, saa moja asubuhi, mpaka hisa zitoke. Na kweli walikuja. Walikuja na chupa za chai, wakasimama kwenye ukungu, wakaitika. "Yupo!" "Yupo!" Mimi nilikuwa chuo kikuu, mji mwingine, na mama aliniandikia barua yenye furaha ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi. Leokadia amefufuka, aliandika. Ungemwona.

Mwanzoni mwa Novemba Bi Leokadia alilipeleka daftari ofisini. Karani wa hisa alikuwa mwanamke kijana, Ilona Berdych, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alilifungua daftari, akaligeuza, akalifunga.

"Hii ni nini, mama?"

"Orodha. Imehakikiwa. Watu arobaini na sita, kila mmoja ameitika mara nane."

"Orodha haina kazi hapa. Kila mtu aje mwenyewe na kitambulisho, atie sahihi fomu mbele yangu. Mwisho ni tarehe thelathini. Asiyekuja, haki yake imekwisha." Akatazama saa. "Wewe una kitambulisho?"

Alikuwa nacho. Akatia sahihi. Haikuchukua hata dakika mbili. Alisema baadaye kwamba kilichomtisha ni hicho hasa: kwamba jambo kubwa hivyo lilikwisha upesi, bila kusubiri, bila mtu yeyote nyuma yake wala mbele yake.

Alipotoka, watu walikuwa bado langoni, maana ilikuwa Ijumaa. Alikusudia kuwaambia. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini Zenon Gajda, aliyekuwa mpakiaji wa malori, mtu wa maneno mengi, alimwahi.

"Haya, jenerali wetu anarudi! Wamekupa medali au wamekufukuza na daftari lako? Nilisema mimi. Hapa si duka la nyama, Leokadia. Siku hizi orodha yako tukafungie samaki!"

Watu wakacheka. Hata mama alicheka. Na Bi Leokadia, ambaye hakuwahi kuwadanganya hata kwa dakika nne, alijikuta anasema:

"Wameipokea. Nakala iko kwenye faili."

Kicheko kikakatika. Zenon akavua kofia na kuinama kwa mzaha, lakini alikuwa ameridhika, na wote walikuwa wameridhika. Mtu mmoja alimbusu mkono. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na zaidi, akajiambia atawaeleza Jumanne.

Jumanne hakuwaeleza. Ijumaa pia. Kila mara aliposimama mbele yao aliona nyuso zilivyomwelekea, na kila mara uongo ule ulikuwa umeongezeka umri wa siku tatu au nne, kwa hiyo sasa ilibidi aeleze uongo na pia siku zote alizonyamaza. Alitumaini wangesikia kwingine. Na kweli wapo waliosikia. Watu kumi na moja wenye watoto au mashemeji ndani ya kiwanda waliambiwa, wakaingia kwa Ilona, wakatia sahihi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mtu asiyelelewa kwenye foleni zetu hawezi kulielewa haraka. Wale waliobaki langoni waliwaona kumi na moja wale wakipita na kuingia mlangoni. Waliwaona kwa macho yao! Na hawakuwafuata. Waliwazomea.

"Waruka foleni!"

"Mnapitia mlango wa nyuma kama zama zile, hamna haya?"

Jirani yetu mmoja, akitoka kusaini, alimshika mama mkono akamwambia, "Apolonia, ingia, ni fomu tu." Mama akautoa mkono wake. "Mimi ni namba ya tatu," alisema. "Sina haja ya kujipenyeza." Alikuwa na heshima yake. Walisimama pale kwenye baridi, watu thelathini na nne, wakilinda nafasi zao katika foleni ambayo haikuwa na duka mbele yake, na Bi Leokadia aliwaita majina, mmoja mmoja, kwa sauti ileile.

Tarehe thelathini ikapita. Jumanne iliyofuata mlinzi aliwaambia karani wa hisa amemaliza kazi yake na dirisha limefungwa.

Walikasirika, lakini si dhidi yake. Hilo ndilo lililommaliza. Walimzunguka pale langoni wakamshika mabega. "Wamekudanganya, Leokadia." "Wamekuchezea, shoga, wamechukua orodha yako wakaitupa." Zenon mwenyewe alimwomba radhi kwa maneno yake ya mwanzo. Wakamsindikiza nyumbani kama mfiwa. Yeye alilia njia nzima, na wao waliyapokea machozi yake kama ya mwenzao.

Mimi nilirudi Krismasi. Mama aliponieleza, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu kuhusu soko. Nilimwambia kwamba fomu ilitangazwa gazetini, kwamba dunia ya sasa haina mtu wa kukushika mkono. Nilisema, "Mama, ulikuwa mjinga tu." Tulikuwa mezani, kuna samaki na kitambaa cheupe. Akaendelea kutoa miiba kwenye samaki wake. Neno hilo hakulitaja kwa miaka saba.

Uchumi ulikua. Sitaki mtu adhani nasema haukukua. Wenye kampuni kutoka nje walileta tanuri jipya refu kama treni, na masufuria ya Lubowa yakaanza kuuzwa katika nchi ambazo zamani tuliruhusiwa kuziona kwenye ramani tu. Barabara ya kuelekea stesheni iliwekwa lami, kisha taa, kisha maua katikati. Jengo la zamani la kuchovya rangi, ambamo mama alipoteza uwezo wa kunusa, likawa duka kubwa lenye sakafu inayong'aa, na mama akaajiriwa kuing'arisha sakafu hiyo. Wenye hisa waliziuza mwaka wa elfu mbili na moja. Wengine walinunua gari. Wengine waliwanunulia watoto vyumba. Kila jioni msomaji wa habari alitaja asilimia tuliyokua, na sisi tuliitazama kwenye televisheni mpya, na mimi, mwalimu wa jiografia sasa katika shule ya mji wetu, niliwaandikia wanafunzi asilimia hizo ubaoni. Zilikuwa za kweli. Lakini katika kila jengo kulikuwa na milango ambayo asilimia hiyo haikubisha hodi, na waliokaa nyuma ya milango hiyo hawakumlaumu mtu. Waliona aibu. Waliamini kwamba treni ilisimama, milango ikafunguliwa, na wao wenyewe, kwa uzito wa akili zao, hawakupanda.

Ukitaka kujua nani alipanda, ulitazama madirisha. Yale ya zamani yalikuwa ya mbao, rangi imebanduka, yamezibwa pamba wakati wa baridi. Mwenye fedha aliweka ya plastiki, meupe. Ungesimama barabarani ungeweza kuusoma mji mzima namna hiyo, ghorofa kwa ghorofa.

Madirisha ya Bi Leokadia ya upande wa barabara yalibaki ya mbao. Ya upande wa uani, yanayotazama mapipa ya taka na ukuta wa karakana, aliyabadilisha. Mafundi aliwatoa mji mwingine, wakafika siku ya kazi, mchana, watu wakiwa hawapo. Nani aende kutazama ukuta wa karakana? Tangu hapo hakumkaribisha mama kwake. Leo nyumba imevurugika, leo anapaka chokaa, leo kichwa kinamuuma. Yeye ndiye aliyekuja kwetu, kila Jumapili, na kila mara alileta kitu kikubwa kupita kiasi: bata mzima, mkufu wa kaharabu, koti la manyoya la kumpa mama "kwa sababu limenibana". Mama alifikiri ni uzee.

"Leokadia anaogopa kufa," aliniambia. "Anagawa vitu."

Mwaka wa elfu mbili na nne, mwaka nchi yetu ilipoingia Umoja wa Ulaya, Zenon alipata wakili. Wakili alisema inawezekana kudai, hata sasa, ikiwa itathibitika kwamba ofisi iliwapotosha watu. Kinachohitajika ni ushahidi wa mtu mmoja, aliyezungumza na karani ana kwa ana. Akaandika karatasi tayari: Mimi, Leokadia Kosmala, natamka kwamba ofisa wa hisa, Ilona Berdych, alipokea orodha ya watu arobaini na sita na kunihakikishia kuwa inatosha. Ilona wakati huo alikuwa mkuu wa idara pale kiwandani, mama wa watoto wawili. Mmoja wao alikuwa darasani kwangu. Wakili alisema waziwazi kwamba karatasi hiyo ikifika mahakamani, huyo bibi kazi hana, na huenda akafungwa.

Walikutana kwetu, Jumapili baada ya misa. Mama alioka keki ya jibini. Zenon alikuja na suti ya harusi ya mwanawe, na Bi Leokadia akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuvua koti. Mimi nilikuwa namimina chai kwenye bilauri.

"Basi, jenerali," Zenon akasema, "tia saini tuwanyoe hawa. Yule wa kalamu kichwani nataka kumwona anatafuta kazi ya kufagia. Atajua baridi ya langoni ilivyo."

"Keki kwanza," mama alisema. "Zenon, usile mkononi, kuna sahani."

"Mimi bado nakua, Apolonia."

"Unakua kwa upana."

Bi Leokadia aliisoma karatasi. Aliisoma mpaka chai yake ikaacha kufuka. Kisha akaisukuma katikati ya meza.

"Sisaini."

"Unaogopa mahakama?" Zenon akacheka. "Mwanamke aliyemfuta dada yake wa tumbo moja?"

"Yule binti hakunihakikishia kitu. Aliniambia orodha haina kazi. Aliniambia kila mtu aje na kitambulisho kabla ya tarehe thelathini. Aliniambia vizuri, kwa maneno hayo. Ilikuwa mapema Novemba."

Mama alikuwa ameshika kisu cha keki.

"Sasa sisi..." Zenon alisema, "sisi ulituambia..."

"Niliwaambia imepokelewa. Nilidanganya. Ulinicheka, Zenon. Ulisema daftari langu likafungie samaki, na wote wakacheka, na nikashindwa."

Zenon alifungua mikono yake mikubwa juu ya meza, akaitazama.

"Nilikuwa natania, Leokadia," alisema. "Ndivyo ninavyosema na watu. Nilikuwa natania tu."

"Najua."

Mama ndiye aliyeuliza. Alikiweka kisu chini kwanza.

"Na wewe? Ulisaini?"

Bi Leokadia aliinamisha kichwa, mara moja. Ningependa kuandika kwamba mama alipiga kelele, au kwamba alilia. Alinyanyuka, akaenda dirishani, na alizungumza akiwa ametugeuzia mgongo.

"Bata," alisema. "Koti. Kila Jumapili, bata na koti. Ulikuwa unanilipa kwa nyama."

"Polka," Bi Leokadia akasema, kwa jina walilomwita mama kiwandani. "Nimebadilisha madirisha. Ya uani. Nilitaka mtu mmoja ajue, halafu nilihakikisha hakuna atakayeyaona. Fedha iliyobaki ipo. Nitaigawa, nitauza na nyumba..."

"Hakuna anayetaka madirisha yako!" Mama aligeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu kama alipotoka zamu. "Unadhani tunalilia madirisha? Babake huyu alikufa anajiita punda. Kila siku, kitandani pale. 'Apolonia, tulikuwa punda wawili, hatukujua hata kusaini.' Zenon, mwanao anakuambiaje?"

Zenon hakuinua macho. "Kwamba fedha ilikuwa inagawiwa bure mtaani nami sikuinama kuiokota."

"Basi. Na wangu naye aliniambia."

Hakunitazama aliposema hivyo. Birika lilikuwa bado mkononi mwangu, na nilitamani liwe zito zaidi, linishughulishe.

"Unataka nifanye nini?" Bi Leokadia aliuliza. "Niambie tu. Nitafanya."

Mama alikwenda kwenye kabati, akarudi na karatasi nyeupe, za kwangu, nilizokuwa nikitumia kutungia mitihani. Aliigeuza karatasi ya wakili kifudifudi. Akaweka nyeupe mbele ya rafiki yake.

"Andika ulivyosema. Aliyokuambia karani, na uliyotuambia sisi. Na kwamba tuliingojea haki yetu langoni kwa sababu tulikuamini. Andika hilo hasa. Kwamba hatukuwa wajinga. Tulikuwa tunakuamini."

"Tupige nakala stesheni," Zenon akasema kwa sauti ndogo. "Wana mashine."

"Hapana. Ataandika kwa mkono. Kila mtu yake, na awapelekee mwenyewe, mchana, watu wakiwepo. Na waliokufa, watoto wao."

Bi Leokadia alivua koti. Aliandika kwa mwandiko ule mkubwa, ulionyooka, tulioujua sote, akikandamiza kalamu mpaka meza ikatikisika kidogo. Zenon alikula keki kwa sababu hakuwa na pa kuweka mikono. Watu walitoka kanisani misa ya pili, tukawasikia wakipita chini, wakicheka, wakipanga pa kwenda kula aiskrimu. Kulikuwa na jua.

Alipotia sahihi, mama aliichukua karatasi, akaipepea wino ukauke. Nilidhani ataisoma. Hakuisoma. Aliniletea mimi, nilipokuwa nimeegemea jiko.

"Soma, mwalimu," alisema. "Kwa sauti."

Nikasoma. Nilisoma kwamba yeye, Leokadia Kosmala, aliyeaminiwa, alijua, na hakusema. Nilisoma kwamba watu thelathini na nne walisimama kwenye baridi wiki tatu na zaidi kwa sababu ya neno lake, na kwamba hawakuwa wajinga. Nilisoma majina, na jina la mama lilikuwa la tatu, na hapo nikalazimika kukohoa kama wale wazee wa matanuri. Bi Leokadia alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nilipofika mwisho niliiweka karatasi mezani, nikangoja mama aniambie jambo, lolote, hata matusi.

Aliirudisha mkononi mwangu.

"Rudia," alisema.